Kazi ya Beu ni ya Batu ya Beu

Siku vijana ya quartier, ule mutaa yetu ya Beu mu muji ya Beni, balifunga mulango ya shirika moja ya musaada, na mimi nilikuwa pale. Nilibeba kiti yangu ya plastike kichwani, nikaiweka katikati ya barabara, nikaikalia, nikaimba na bengine mpaka koo ikakauka: kazi ya Beu ni ya batu ya Beu. Sijutii hata leo. Mbele ya hapo tulikuwa tunaona gari inashusha batu toka Goma, bengine toka Kinshasa kabisa, banafika na valizi, banapewa kazi ya kupima batoto kilo, sawa vile kwetu hakuna mutu anajua kusoma mizani. Mimi niko infirmière, muuguzi. Nilisoma, nikafanya stage, nikazalisha bamama kwa mwangaza ya simu. Donc, kuona kijana wa mbali anaulizia njia ya centre de santé yenye mimi nilichanjiwa ndani, ilinichoma roho.

Inafaa niseme niko nani. Nilizaliwa Beu, mu parcelle, kiwanja ya baba yangu, nyuma ya soko. Kisha nikaolewa Mbau, kwenye barabara ya Oicha, kwani bwana yangu ana shamba ya kakao kule. Tulikaa Mbau vizuri, tunauza kakao, tunasomesha batoto, mpaka baadui bakaanza kuingia mu mashamba na mapanga. Sitaeleza ile tuliona. Tulikimbia na batoto na sufuria, na diplome yangu nilikuwa nimeifunga tumboni na kitenge. Karatasi zingine zote zilibaki. Tukarudi kwa papa, mu ile parcelle nilizaliwa, batu bengi mu vyumba mbili.

Wakati ya Ebola, kazi ilikuwa bwelele. Riposte, ile kazi ya kupiganisha ugonjwa, ilimeza batu bote: mwenye diplome na mwenye hana, balimu baliacha chaki, hata mwimbaji moja wa korali yetu alipewa gilet, kizibao ya kazi, na simu akakuwa mukubwa kwa siku moja. Na mimi nilifanya. Kisha ugonjwa ukaisha, magari yakaenda, na sisi tukabaki na magilet. Toka hapo kutafuta kazi ikakuwa ndiyo kazi yenyewe. Asubuhi unapita kwa valve, ile ubao ya matangazo kwa mulango ya kila bureau, unasoma, unapiga picha. Siku hizi matangazo yanapita hata kwa WhatsApp, na kanisani kisha mahubiri katibu anasoma: banatafuta chauffeur, banatafuta comptable, diplome fulani, experience miaka mingi. Mutoto ametoka chuo jana, hiyo experience ataitoa wapi? Na boss wa Butembo mwenye dépôt ya bidhaa, yeye anachukua mutoto ya dada yake, valve haina habari. Nilipeleka dossier, karatasi zangu za kuomba kazi, kila mahali. Kwa bureau moja, mukubwa mwenyewe aliniambia tukutane kwa hoteli tuzungumzie dossier yangu. Nilimwambia dossier yangu haina miguu ya kwenda hoteli. Ile kazi sikuisikia tena.

Basi, kisha tulikaa ku barabara, shirika likakubali. Kulikuwa kazi moja ya infirmière, kuangalia batoto banakosa kula vizuri, pale pale centre ya Beu. Balisema hiyo ni ya mukaaji wa Beu tu. Test itafanyika Butembo kwenye bureau yao kubwa, na mwenye atashinda, jina lake litapita kwa comité ya quartier mbele ya kusaini. Tulipiga vigelegele. Niliona ni mulango Mungu amenifungulia mimi.

Na nilikuwa na sababu ya kuona vile. Ule musimu bei ya kakao ilikuwa imepanda sana. Kakao yetu ilikuwa inaiva Mbau, peke yake, bezi banaichuma. Banaume balianza kurudi kule kwa makundi, siku ingine na basoda ya kubalinda, siku ingine bila basoda. Jirani wetu wa upande wa choo alienda na kundi, akarudishwa ku moto, ile pikipiki, amefungwa mu bâche ya plastike. Bwana yangu alisaidia kuchimba kaburi. Halafu akasema na yeye ataenda.

Tulibishana sana. Mimi nilisema kakao haina roho, wewe una roho. Yeye alisema: mwanaume gani anakaa kwa baba mukwe, anakula bugali ya baba mukwe, anaomba sabuni kwa baba mukwe? Kwetu hiyo ni haya kubwa, naelewa. Mwanaume ndiye anajenga na bibi anamufuata. Kila akipita mu kiwanja ya papa alikuwa anapita pembeni, sawa vile mugeni. Batoto balirudishwa toka masomo kwa kukosa minerval, ile feza ya shule, na hiyo ndiyo ilimumaliza. Mwisho nilimupata kwa maneno: angojee test yangu. Kama nashika ile kazi, ataachia bezi kakao yote na atatafuta kiwanja ya kujenga. Kama nakosa, Jumatatu anapanda na bengine Mbau. Alikubali. Bwana yangu hasemi maneno mbili, hiyo ndiyo tabu yake.

Nilienda Butembo ku moto, mavumbi mpaka ndani ya masikio. Kwa kila barrière ya basoda motard, mwenye kuendesha, alikuwa anateremuka na kusukuma, na mimi natembea nyuma yake na diplome mu kifua. Butembo ilikuwa na baridi yake, na sisi ba Beni tunajulikana kule kwa kutetemeka. Mu salle ya test tulikuwa bengi. Nilipoona maswali nilicheka ndani ya roho. Kupima mukono ya mutoto, kuchanganya maziwa, mutoto ameharisha unafanya nini. Nimeyafanya yale mu nyumba ya majani, na mvua inanyesha ku ndoo. Niliandika mpaka kidole ikauma.

Kisha saa sita bakatuita moja moja kwa interview. Nyuma ya meza kulikuwa mama moja wa kazi za kuajiri, mwenye alitoka mbali, na Kifaransa safi. Kijana moja na ordinateur, kompyuta. Na muzee moja wa Butembo mwenye shati ya kanisa, aliyewekwa pale kwa sababu anajua batu na desturi. Yule mama aliuliza ya kazi, nikajibu. Mwisho muzee akavua miwani, akanitazama kwa wema, akaniuliza kwa Kinande, luga yetu, kama vile unauliza mutoto wa ndugu yako: binti, wewe ni wa wapi?

Na mimi, bila kufikiri, nikajibu: Masereka. Nikamutajia kilima ya babu kule Lubero, nikamutajia ukoo, nikaongeza hata kamutoni ka maji kenye kanapita chini. Muzee akafurahi. Alisema anakijua kile kilima, viazi vya kule havina mufano. Tulicheka. Kijana wa ordinateur alikuwa anaandika. Nilitoka pale moyo mwepesi, nikanunua mukate wa batoto, nikajiambia huyu muzee ni wa milima yetu, ataniombea neno.

Mutu wa mbali atashangaa, mais kwetu Banande ni vile. Mutu akikuuliza uko wa wapi, humuambii mahali umelala jana. Unamuambia kilima yenye babu yako analala. Mutu anaweza kuzaliwa Beni, baba yake akazaliwa Beni, na anajibu Masereka, anajibu Luofu, anajibu Kyondo, na hakuna mutu anamuuliza mara ya pili. Mimi Masereka nimelala mara chache tu, nikalia kwa baridi mpaka bakanipa blanketi ya shangazi. Hata mulango ya nyumba ya babu sikumbuki inatazama wapi. Mais papa alitufundisha ile jibu tukiwa badogo, tukiwa tumesimama, mbele ya kugusa chakula. Muko ba wapi? Ba Masereka. Kama ulisita, bugali ilikungojea.

Matokeo yalibandikwa Butembo siku ya Alhamisi. Rafiki yangu moja mwenye anauza kule alipiga valve picha akanitumia. Niliona jina yangu ya kwanza kabisa, juu ya bote, na pointi yangu inang'aa. Nilipiga kelele, batoto bakakimbia toka inje. Kisha nikakuza picha na vidole. Pembeni ya jina yangu balikuwa bameandika: non-résidente, hapana mukaaji. Na jina ya pili, ya musichana moja wa hapa hapa Beu, balipiga alama: retenue, amechukuliwa. Nilisoma tena.  Bwana yangu alikuwa mulangoni, alinitazama usoni tu. Akaenda nyuma ya nyumba, nikasikia anatafuta jiwe ya kunolea panga.

Sikulala na ile hasira, nilienda nayo. Yule mama wa kuajiri alikuwa ameteremuka Beni asubuhi yake, nikamukuta kwa bureau yao, kwa ule ule mulango nilikuwa nimekalia kiti. Mulinzi alinikumbuka vizuri. Nilimuambia mama kila kitu kwa mara moja: kwamba nimezaliwa mita chache toka hapa, kwamba hiyo Masereka ni ya babu, kwamba kama banataka kuona alama ya chanjo ya centre ya Beu ku bega yangu, iko. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema pole pole, na hakuwa mubaya:

"Mama, si mimi nilisema uko wa Masereka. Ni wewe."

 Alinieleza shida yake na yeye. Mulitufungia mulango, alisema, mukasema hamutaki mutu wa inje. Kama naajiri mutu mwenye ametamka mwenyewe kwamba ni wa Lubero, kesho yake banachoma matairi, na projet inafungwa, na batoto bale banakosa maziwa. Ilikuwa kweli tupu. Ningekuwa yeye ningefanya vile vile. Alisema comité ya quartier inakaa Jumamosi. Kama comité inanikubali kama mutu wa hapa, atasaini contrat yangu siku ile ile. Kama inakataa, wa pili anaanza Jumatatu.

Niliuliza chef de quartier kama anaweza kunipa tu attestation, karatasi ya kushuhudia niko mukaaji. Ananijua toka nilikuwa natembea na kidole mu kinywa. Akakwaruza kichwa. Alisema muhuri iko, mais nikipiga muhuri bila vijana, nitalala wapi mimi? Kadi yangu ya electeur, ya kupigia kura, iliandikwa Mbau na ikabaki kule, hiyo nayo haikunisaidia. Akasema lete baba yako Jumamosi. Muzee akisema neno, hakuna mutu atabisha, sababu bote banamujua kwamba hasemi bongo, hata uongo mudogo.

Hapo ndipo shida ilianza kweli. Kwa sababu ni kweli: papa hasemi bongo. Ni seremala, ametengeneza nusu ya mabenchi ya kanisa yetu ya Kiprotestanti, na ni muzee wa kanisa wa wale bagumu. Mara moja alirudisha kazi ya muteja kwa sababu alikuwa ameahidi mbao ngumu ya libuyu na akakosa libuyu. Mama alimulilia, chakula hakuna, yeye akasema nilisema libuyu. Ndiyo huyo mutu nilipaswa kumuomba aseme kwamba sisi hapana batu ya Masereka.

Nilimukuta anapiga randa chini ya veranda. Nilimueleza yote. Hakusimamisha mukono. Alipomaliza ile mbao akaipuliza, akauliza kama namuomba akane bababu zake mbele ya vijana ya quartier. Nilisema sikuombi ukane mutu, nakuomba useme tuko ba hapa. Akasema tunakaa hapa, hiyo hakuna mutu anakataa, mais kukaa na kuwa wa mahali si kitu kimoja, na ni yeye alitufundisha. Nilimuambia, ndiyo, papa, na ile mafundisho yako ndiyo imenitoa kazi. Nilisema kwa sauti kali kuliko inavyofaa kwa mutu na baba yake. Akaweka randa chini.

"Nitaenda Jumamosi," alisema. "Mais wakiniuliza, nitajibu kweli. Usinifundishe jibu."

"Papa, Jumatatu baba ya batoto anaenda Mbau."

"Nimesikia."

Akarudilia randa. Nilienda jikoni nikalia, nikiweka uso mu muvuke ya sombe, majani ya muhogo, ili batoto bafikiri ni ule muvuke. Nilimukasirikia papa, nilimukasirikia bwana yangu na kakao yake, nilimukasirikia yule muzee wa Butembo na utamu yake ya Kinande. Ijumaa nzima bwana yangu alikuwa anatengeneza safari. Alishona kamba ya kifuko, akaweka kisu ya kuchumia, unga, chumvi, kitenge yangu moja ya kujifunika. Aliomba yule mutoto wetu mukubwa amuonyeshe madaftari yake yote, akayatazama moja moja.  Batoto balikuwa banaogopa kuomba maji.

Jumamosi comité ilikaa mu classe ya shule ya msingi, watu bazima bakijikunja mu mabenchi ya batoto. Chef alikuwa kwa meza ya mwalimu. Pembeni yake président ya vijana, kijana mupole kwa kweli, tena siku ile ya barabara yeye ndiye aliniletea maji. Kulikuwa bamama ya soko, kulikuwa mama ya yule musichana wa pili, kulikuwa majirani. Bwana yangu alibaki inje, amesimama kwa dirisha, nilikuwa naona kofia yake tu. Papa alikaa mbele, mu koti yake ya kanisa, mikono ku magoti.

Chef alieleza maneno. Mama mukunga, yule alinishika nikizaliwa, alisimama akasema amenishika na mikono yake, hapa Beu, na nililia kwa nguvu kuliko kawaida. Batu bakacheka kidogo. Nikapumua. Ndipo président akasimama. Alisema hakuna mutu anamuchukia mama infirmière, hata tulikuwa naye ku barabara. Mais alisema kuzaliwa mahali peke yake haitoshi. Batoto ya basoda banazaliwa hapa kila siku. Baba akipelekwa mahali ingine, banaenda naye, na hatuwaoni tena. Sisi tunataka kujua mutu mwenye ni wetu kabisa. Na alitamka mwenyewe Butembo, mbele ya bakubwa, kwamba ni wa Masereka. Kisha akamugeukia papa. Aliinama kidogo, kwa heshima, na akauliza ile swali:

"Muzee, utanisamehe. Siku Mungu atakuita, batakuzika wapi?"

 Hakuuliza vibaya. Kwetu ile ndiyo swali ya mwisho. Mutu anaweza kujenga huku na kulima huku, mais mahali atalala ndiko ni kwao. Na bote mule ndani balijua jibu ya papa. Mama yetu alipokufa, hatukumuzika Beni. Tulikodi camionnette, tukamupeleka Masereka mu mvua, gari inateleza, banaume banasukuma, na chef mwenyewe alikuwa kati ya wale banasukuma. Tulimuzika juu ya kilima, pembeni ya babu. Na papa, na matope mpaka magotini, alipima kwa miguu yake mahali pa pembeni ya mama, akasema mbele ya bote kwamba hapa ni pangu, hakuna mutu apaguse. Nusu ya ile classe ilimusikia.

Sikumutazama. Nilitazama ubao yenye balikuwa bameandika hesabu za batoto, na nilijua sasa tumekwisha. Nilikuwa tayari nafikiri namna nitafunga ile kitenge ku bega ya bwana yangu Jumatatu asubuhi.  Papa alivua kofia, akaiweka ku goti, akaipangusa, akairudisha kichwani. Nilisikia mutu moja nyuma yangu anakohoa.

"Hapa," papa alisema.

Président hakuelewa, ama alielewa na akataka kusikia tena. Aliuliza: hapa wapi, muzee?

"Kwa makaburi ya hapa Beu. Na wewe, kama ungali hai, utashika jeneza upande wa mbele."

Hakuna mutu alicheka. Chef alitazama chini. Président akasema kwa sauti ndogo kwamba ikiwa muzee atalala hapa, basi ni muzee wetu, na mutoto wake ni wetu. Akainua mukono, na mikono mingine ikapanda. Mama ya yule musichana wa pili alisimama akatoka bila kutusalimia, na siwezi kumuhukumu. Na yeye ana shida zake mu nyumba. Chef akavuta muhuri mu mufuko ya koti, akaipulizia, akapiga. Kofia ya bwana yangu ilikuwa haiko tena kwa dirisha. Nilipotoka nilimukuta ameketi chini, ku ukuta ya shule, uso mu mikono.

Yule mama wa shirika alisaini mbele ya jua kushuka. Alinipa mukono, akasema nianze Jumatatu. Nilitembea na papa kurudi nyumbani, bwana yangu akitangulia kuwaambia batoto. Nilikuwa na furaha na nilikuwa na woga, vyote pamoja. Nilifikiri papa amevunja kitu ndani yake kwa ajili yetu, amesema bongo mara ya kwanza mu maisha yake, na nilitaka kumusaidia kuibeba. Nikamuambia asante papa, na ile neno, Mungu anaona roho, ataisamehe.

Alisimama katikati ya njia. Moto moja ikapiga honi, ikatuzunguka.

"Neno gani?"

"Ile ya makaburi."

"Unafikiri nilisema bongo?" Alinitazama sawa vile unatazama mutoto amekosa hesabu rahisi. "Mutanizika hapa. Bote bamenisikia. Usije ukanipakia ku camionnette."

Nilianza kubisha, pale pale barabarani. Nilisema papa, hapana, mama yuko kule peke yake. Nilisema hawa vijana kesho banasahau, hakuna mutu atafungua jeneza kumuuliza anaenda wapi. Nilisema mengi. Aliningoja nimalize, na akanishika mukono, kitu yenye hafanyi.

"Mama yenu ana batu bake kule," alisema. "Ana baba yangu, ana mama yangu, ana bandugu bangu bote. Wewe una bwana na batoto, na muko hapa. Twende, jua inaisha."

Nyumbani bwana yangu alikuwa amefungua kifuko. Unga ilikuwa imerudi jikoni, chumvi imerudi, kitenge yangu iko ku kamba. Alimukuta papa kwa mulango, akapiga goti kabisa, mutu muzima. Papa alimuambia asimame, suruali itachafuka. Kisha akaomba chai. Ile jioni batoto balikula bakipiga kelele, na hakuna mutu aliwanyamazisha.

Siku ya Mungu, Jumapili, kisha ibada, papa aliniomba simu. Yake haina unité ya kupigia, sijawahi kuiona na unité. Alisema nimuitie baba mudogo, yule ndugu yake mwenye alibaki Masereka ku kilima. Nilipiga, nikamupa, nikataka kutoka, akanionyesha nikae. Balisalimiana sana, bakaulizana mvua, bakaulizana mbuzi. Reseau, mutandao ya kule, ni mbaya, papa alikuwa anasema kwa sauti ya juu. Kisha akamuambia: ile mahali pembeni ya mama ya batoto, yenye nilipima, sasa panda viazi pale. Udongo ni muzuri, usiache ipotee bure.

 Nilisikia pumuzi ya baba mudogo tu mu simu toka mahali nilikuwa nimeketi. Papa alifikiri ni reseau imekata, akarudilia tena, kwa sauti ya juu zaidi, mpaka majirani bakasikia.